Tusikabidhi Funguo kwa Barua ya Hadaa

Miongoni mwa hila ambazo wananchi hawana budi kuzifahamu katika zama hizi, ipo moja ambayo haimlazimu mwizi kuvunja mlango wala kuruka ukuta. Yeye huandika barua tu. Huiandika kwa jina la kampuni ile ile inayomtunzia mwananchi barua pepe zake, akamwarifu kwamba akaunti yake imo hatarini, au kwamba sanduku lake limejaa, au kwamba huduma itakatwa baada ya saa 24 asipothibitisha kuwa yeye ndiye mwenyewe. Chini ya maneno hayo huweka kitufe cha kubofya. Mwananchi akibofya hukuta ukurasa unaofanana kwa kila hali na ule anaoufahamu. Huandika jina lake na neno lake la siri. Na papo hapo huwa amekwisha kumkabidhi mwizi ufunguo kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa Kiingereza hila hii imepewa jina linalotamkwa sawasawa na neno la uvuvi, na jina hilo laifaa, kwa kuwa chambo hutupwa kwa maelfu ya watu ili wanase wachache. Twapenda kuizungumza leo kwa kirefu kidogo, kwa sababu mawaidha mengi yanayotolewa juu yake yamepitwa na wakati. Wananchi wameambiwa wachunguze makosa ya tahajia na nembo zilizofifia. Mtu anayeyategemea mawaidha hayo peke yake yumo katika hatari kubwa kuliko asiyejua lolote, kwani anajiona yu salama ilhali siyo.

Kwanza yafaa tuiondoe dhana kwamba wanaonaswa ni wajinga. Siku ya Jumamosi, tarehe 19 Machi, 2016, barua ya namna hiyo ilimfikia John Podesta, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton ya kugombea urais wa Marekani. Bwana huyu hakuwa mgeni katika mambo ya dola. Alipata kuwa mkuu wa watumishi wa Ikulu ya nchi yake wakati wa utawala wa Bill Clinton. Barua ilijifanya imetoka Google. Ilisema kwamba kuna mtu amelipata neno lake la siri, kwamba alijaribu kuingia kutoka Ukraine, kwamba Google imemzuia, na kwamba yampasa mwenye akaunti abadilishe neno hilo mara moja.

Wasaidizi wake hawakukurupuka. Waliipeleka kwa mtaalamu wa kompyuta wa kampeni aitazame. Mtaalamu akajibu kwamba barua ni halali na neno la siri libadilishwe bila kukawia. Miezi kadhaa baadaye aliliambia gazeti la New York Times kwamba alikusudia kuandika kinyume chake, yaani kwamba barua si halali, ila aliteleza katika kuandika. Iwe ilikuwa hivyo au sivyo, lililo muhimu kwetu ni jambo jingine ambalo watu wengi hulipita haraka. Ndani ya jibu lake, mtaalamu huyo aliweka anwani ya kweli ya Google ya kubadilishia neno la siri, na akashauri pia akaunti iwekewe kinga ya hatua mbili. Laiti wangaliishika anwani ile aliyoitoa yeye, kosa lake la kusema barua ni halali lisingalimdhuru mtu. Kilichobofywa ni kitufe cha ndani ya barua ya mwizi.

Yaliyofuata yanajulikana. Hati ya mashtaka iliyotolewa nchini Marekani mwezi Julai 2018 dhidi ya maofisa 12 wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi ilisema kwamba barua zaidi ya 50,000 zilichukuliwa kutoka katika sanduku la mwenyekiti yule. Serikali ya Urusi imekanusha kuhusika. Kuanzia tarehe 7 Oktoba, 2016, mwezi mmoja kabla ya kura kupigwa, WikiLeaks ilianza kuzitoa barua hizo hadharani, fungu baada ya fungu. Kama zilimnyima mgombea ushindi au la, hayo tunawaachia Wamarekani wenyewe waendelee kubishana. Sisi twatazama mlango uliotumika kuingilia.

Mlango huo ulikuwa anwani, na anwani hiyo yastahili kuchambuliwa neno kwa neno, kwa sababu anayeielewa hii moja ameielewa sehemu kubwa ya hila yote. Kwanza ilifichwa ndani ya kiungo kilichofupishwa, hivyo aliyeitazama barua hakuweza kuona inakompeleka. Ilipofunguliwa ilianza hivi: myaccount.google.com-securitysettingpage.tk. Jicho husoma kutoka kushoto. Likiona neno google na baada yake com, hutosheka. Lakini mwenye anwani ya intaneti hajulikani kwa kusoma kutoka kushoto. Ni kama majina ya wazee wetu wa pwani: ukisikia fulani bin fulani bin fulani, ukoo uko mwishoni, si mwanzoni. Basi ukifika mwisho wa anwani ile, kabla ya mkwaju wa kwanza unaosimama peke yake, unakuta tk, ambayo ni alama ya Tokelau, visiwa vidogo vya Pasifiki ambavyo wakati ule anwani zake ziligawiwa bure kwa yeyote aliyezitaka. Na jina lililoandikishwa kabla ya tk si google, bali ni com-securitysettingpage. Kistari kile kidogo baada ya com, mahali ambapo palipaswa kuwa na nukta au mkwaju, ndicho kilichobeba hadaa yote.

Sheria ni hiyo hiyo kwa anwani za hapa kwetu. Anwani ya ofisi ya serikali ya Tanzania huishia na go.tz. Ikiwa baada ya go.tz kuna kistari na maneno mengine, kisha nukta na com, basi hiyo si ya serikali hata kama jina la wizara limeandikwa vizuri pale mwanzoni.

Kadhalika tusilitegemee jina la mpelekaji. Utaratibu wa kupeleka barua pepe uliwekwa mwaka 1982, wakati watumiaji wake walikuwa watafiti wachache walioaminiana, na haukuweka ukaguzi wowote wa jina la anayepeleka. Ulikuwa kama bahasha ya posta, ambayo mtu yeyote aweza kuandika nyuma yake kwamba imetoka Ikulu. Kinga zimeongezwa baadaye, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimewataka wale wanaopeleka barua kwa wingi wathibitishe anwani zao. Hilo ni jema. Hata hivyo mwizi hupeleka barua kwa anwani aliyoiandikisha mwenyewe kihalali kabisa, kisha hujibandika jina la kampuni kubwa, na katika simu nyingi za mkononi jina ndilo huonekana ilhali anwani imefichwa.

Alama ya kufuli juu ya ukurasa nayo inaeleweka vibaya. Kufuli maana yake ni kwamba mazungumzo kati ya simu yako na ukurasa ule hayasikilizwi na mtu wa tatu. Haisemi kwamba mwenye ukurasa ni mwaminifu. Unaweza kunong'onezana faraghani na mwizi.

Na lugha? Zamani barua hizi zilijaa Kiingereza kibovu, na za Kiswahili zilichekesha. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, mashine za akili bandia zinazoandika lugha zimekuwa mikononi mwa kila mtu, na mwizi asiyejua hata salamu ya Kiswahili aweza kupata barua iliyonyooka kwa dakika moja. Kwa hiyo wale wanaoendelea kuwafundisha watumishi kwamba barua ya hadaa hutambulikana kwa makosa yake, twawaomba waache.

Inafaa kukumbuka kwamba hila ya kujifanya mwenye huduma si jambo jipya. Ilishamiri katikati ya miaka ya 1990 huko Marekani, katika kampuni iliyoitwa America Online. Vijana waliwapelekea wateja ujumbe wakijifanya watumishi wa kampuni hiyo, wakiwataka wathibitishe akaunti zao. Kampuni ikalazimika kuweka onyo kwamba hakuna mtumishi wake atakayemwomba mteja neno la siri. Onyo hilo ni la kweli hadi leo kwa kila kampuni ya namna hiyo, na sababu yake ni nyepesi: mwenye kuitunza akaunti haihitaji neno lako la siri ili kuitengeneza, kuifunga wala kuiongezea nafasi.

Kilichobadilika ni ukubwa wa biashara. Mwaka 2018 mahakama moja ya California ilimhukumu Karim Baratov, raia wa Kanada, kifungo cha miaka 5. Kijana huyu alikiri kwamba alikuwa akifungua masanduku ya watu kwa malipo. Mteja alimpa anwani ya mtu, naye alimpelekea mtu huyo barua iliyoonekana kutoka kwa kampuni yake ya barua pepe, ikimwongoza kwenye ukurasa bandia. Masanduku aliyoyaingia kati ya mwaka 2010 na kukamatwa kwake mwaka 2017 yalizidi 11,000. Hakuhitaji kugundua udhaifu wowote katika mitambo ya kampuni hizo. Barua moja iliyotungwa vyema ilimtosha.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wakubwa wa Marekani, na kwamba mkulima au mwalimu wa hapa hana siri za kuibiwa. Twakataa. Simu nyingi zinazouzwa madukani mwetu leo zikiwashwa mara ya kwanza humtaka mwenyewe aweke akaunti ya Google, na bila hiyo hawezi kupakua programu dukani kwake. Kwa hiyo wapo wananchi wengi wenye sanduku la barua pepe ambao hawajapata kuandika hata barua moja. Picha za watoto, namba za jamaa, nakala za vyeti, vyote vimo humo. Kijana anayetafuta kazi serikalini huitumia anwani hiyo kuombea, na mwanafunzi anayeomba mkopo kadhalika. Anayesahau neno la siri la huduma nyingine yoyote hupelekewa njia ya kulibadili kwa barua pepe. Basi aliyeshika sanduku hilo ameshika kamba iliyotungiwa funguo zote za nyumba.

Fikirieni mathalan katibu wa chama cha ushirika ambaye sanduku lake limeingiliwa. Mwizi hatapiga kelele. Atasoma kimya kimya kwa majuma mawili, ataona mnunuzi yupi anadaiwa na malipo yatafanyika lini, kisha siku hiyo atampelekea mnunuzi barua kutoka katika anwani ile ile ya katibu kwamba akaunti ya benki imebadilika. Fedha za wakulima zitakwenda zisikorudi, na anayeshukiwa wa kwanza atakuwa katibu mwenyewe.

Lipo na jambo ambalo ni la kwetu hasa. Watu wengi hawakuzifungua akaunti zao wenyewe. Walifunguliwa na kijana wa duka la simu au wa kibanda cha intaneti, kwa haraka, na namba ya simu iliyowekwa kwa ajili ya kuirejesha akaunti ni ya kijana yule. Neno la siri liliandikwa kwenye kipande cha karatasi ambacho kimekwisha kupotea. Mtu wa namna hii akipata barua kwamba akaunti yake itafutwa, hofu yake ni ya haki kabisa, kwa sababu hajui nani aliyeishika akaunti hiyo hata sasa. Ni hofu hiyo ndiyo mwizi anayoivuna. Twashauri kila mwananchi, kabla hata hajapata barua yoyote ya vitisho, aingie katika mipangilio ya akaunti yake atazame namba iliyoandikwa pale, na kama si yake aiondoe.

Ugumu mwingine ni kwamba vitisho hivyo hufanana na ukweli. Google humpa mtumiaji wa bure nafasi ya gigabaiti 15, na ikijaa humwarifu kwa barua. Kampuni hizo pia huarifu kwa barua pale mtu anapojaribu kuingia kutoka mahali pageni. Hivyo mwananchi hawezi kuambiwa kwamba kila barua ya onyo ni ya uongo. Analoweza kuambiwa ni kwamba hana haja ya kuamua. Barua iwe ya kweli au ya uongo, aifunge, kisha aende mwenyewe kwa njia yake ya kila siku: afungue programu iliyomo katika simu yake, au aandike anwani kwa mkono wake, atazame humo ndani kama kuna onyo lolote. Kama sanduku limejaa kweli, atalikuta limejaa. Hivi ndivyo wasaidizi wa Podesta wangalivyookoka hata baada ya kuambiwa kwamba barua ni halali.

Wananchi wetu wanao uzoefu wa kuwasaidia katika hili. Nani hajapokea ujumbe wa simu usemao ile pesa nitumie kwenye namba hii? Mwanzoni uliwaumiza watu wengi. Leo hata bibi wa kijijini huusoma akacheka, kwa sababu amejifunza kutotazama ufasaha wa ujumbe bali kuuliza ni nani anayetaka, anataka nini, na kitu hicho kinakwenda wapi. Maswali hayo hayo yanatosha mbele ya barua pepe, mradi tujue kwamba kitakiwacho hakiwi fedha kila mara.

Na hakiwi neno la siri kila mara. Tarehe 3 Mei, 2017, ilienea barua ya kumwalika mtu afungue waraka ulioletwa na rafiki yake. Aliyebofya alifikishwa kwenye ukurasa wa Google wa kweli, si wa bandia, akaulizwa kama anairuhusu programu iitwayo Google Docs isome na kusimamia barua zake. Programu hiyo haikuwa ya Google. Ilijipa jina hilo tu. Aliyekubali hakutoa neno lolote la siri, alitoa ruhusa, na barua ile ikajieneza kwa jamaa zake wote. Google iliizima kwa muda wa kama saa moja, ikasema walioathirika hawakufika asilimia 0.1 ya watumiaji. Kwa kampuni iliyokuwa na watumiaji zaidi ya bilioni moja, hata sehemu hiyo yaweza kukaribia watu milioni moja.

Kuhusu kinga ya hatua mbili, ile ambayo baada ya neno la siri hutaka tarakimu zinazoletwa kwa simu, twaiunga mkono kwa nguvu zote. Lakini tusiifanye hirizi. Ukurasa bandia waweza kukuomba hata tarakimu hizo, na mwizi akazitumia dakika ile ile. Iliyo imara zaidi ni ile ya ufunguo unaohifadhiwa ndani ya simu au katika kifaa kidogo cha kuchomeka, kwa maana ufunguo huo huitambua anwani ya kweli wenyewe na hukataa kufanya kazi penginepo, hata kama macho ya binadamu yamekwisha kudanganyika. Mwaka 2018 Google ilieleza kwamba tangu ilipowalazimisha watumishi wake zaidi ya 85,000 kutumia vifaa hivyo mapema mwaka 2017, hakuna aliyeripoti akaunti yake ya kazi kuchukuliwa kwa hadaa hii.

Aliyekwisha kunaswa asione haya akanyamaza. Aingie kwa njia yake, abadilishe neno la siri, aviondoe vifaa vyote visivyo vyake, na ahakikishe namba ya kurejesha akaunti ni yake. Kisha atazame kama kuna amri iliyowekwa ya kupeleka nakala za barua zake kwa mtu mwingine. Hili husahauliwa sana, na mwizi huendelea kusoma hata baada ya kufuli kubadilishwa. Awaarifu jamaa na benki yake. Nchini Tanzania, namba za simu za matapeli hupelekwa kwa ujumbe kwenda 15040, na kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Tumesema mengi juu ya mwananchi. Sasa twageukia ofisi, na hapa hatutauma maneno. Haifai kumlaumu mtu kwa kuitii barua ya hadaa ikiwa ofisi zenyewe zimemzoesha utii huo. Kila juma watumishi hupokea kutoka kwa wakuu wao barua zenye viungo vilivyofupishwa, zinazowataka wajaze taarifa zao kabla ya saa 10 jioni la sivyo watachukuliwa hatua. Barua za namna hiyo zina kila alama ya hadaa isipokuwa nia. Mtumishi aliyelelewa katika mtindo huo atatofautishaje?

Fauka ya hayo, tunaona mabango na barua rasmi za baadhi ya ofisi za umma zikiwa na anwani za bure za Gmail au Yahoo, ambazo zilifunguliwa na mtumishi aliyekwisha kuhama na namba yake ya simu imo humo hadi leo. Mwananchi aliyezoea kuiandikia serikali kwa anwani kama hizo hawezi kushtuka atakapoandikiwa na mwizi mwenye anwani ya aina hiyo hiyo. Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo, na anwani za go.tz zipo. Wakuu wa ofisi watazame mabango yao wiki hii, waulize nani analijua neno la siri la anwani iliyoandikwa pale, na simu ya nani hulia mtu anapotaka kuirejesha.